Mume wangu alitia pomadi ya dada yake kwenye krimu yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wakwe zangu wako humu na ya watu wanayapenda kuliko bukari, ugali wetu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto wawili, na ni fundi cherehani hapa Lubumbashi, mtaa wa Kenya. Baada ya kumzaa wa pili nilitokwa na mabaka ya kahawia kwenye mashavu, kwenye paji la uso na juu ya mdomo. Kwetu tunayaita masque. Hayaumi, hayawashi, hayaambukizi mtu.

Daktari wa ngozi aliniambia wazi, "Mama, iyi haitoke mbio. Adui yako ni jua, na moto pia." Tangu hapo kila asubuhi napaka krimu ya kuzuia jua, hata kukiwa na mawingu, na mchana narudia. Nikitoka nje, kofia pana. Natumia sabuni isiyo na marashi, na uso sisugui kama sufuria, naukausha kwa kitambaa taratibu. Pasi ya makaa nimemwachia mwenzangu wa karakana. Mabaka yalianza kufifia polepole, nami nikaridhika.

Wakwe zangu ndio hawakuridhika. Hawa ni watu waliosoma, vyeti vimejaa ukutani, lakini ukiwaambia jua linaharibu ngozi ya mtu mweusi wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Kofia yote ile, weye ulikuwa muzungu lini?" Kinara wao ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, nimwite Yaya Charlotte. Anauza pomadi za kujichubua, anazikoroga mwenyewe kwenye beseni, mchanganyiko anaouita mélange, na ukimuuliza ametia nini humo hajui. Uso wake mwekundu, viungo vya vidole vyeusi tii, halafu huyo ndiye wa kunifundisha mimi urembo! Nilimdharau zamani na leo namdharau zaidi.

Sasa mume wangu anasubiri kusimikwa ushemasi kanisani. Kumbe akina mama wa kanisa walishaanza kunong'ona kwamba mabaka yangu ni alama za ngumi. Mmoja wao alinivuta pembeni baada ya ibada. "Mama, sema tu kweli. Bwana yako iko nakupiga?" Nikaapa kwamba hajawahi kuniinulia mkono, na ni kweli. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo hivyo, mpaka nikachoka kumtetea.

Shukrani yake ikawa ni kunikaripia. "Bantu banasema niko napiga bibi, na weye kila siku na kofia yako! Yaya iko na mélange, paka, biishe!" Nikakataa. Harusi ya mdogo wake ni Jumamosi hii, na kwao desturi ni wake wote wa ukoo kuvaa kitenge kimoja na kumpokea bibi harusi uani, jua la saa saba, uso wazi, kanisa zima likitazama. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi shemasi mtarajiwa.

Wiki iliyopita uso ulianza kuniwaka. Nikadhani ni joto, nikaongeza krimu, ndiyo kwanza ukazidi. Ngozi ikaanza kubanduka. Nikafungua kopo langu, nikanusa vizuri. Marashi yale ningeyajua hata gizani. Ilikuwa pomadi ya Yaya Charlotte, imekorogwa ndani ya krimu yangu.

Mume wangu hata hakukana. "Nilifanya juu ya jina yetu. Kama ungekubalia, singefanya ivi." Nikampigia simu dada yake, naye akanipa pole ya kwao. "Inaunguza juu iko nafanya kazi. Vumilia, mulamu." Watu wazima hao, Biblia kwapani, wanamtilia mtu dawa kwa siri kama panya.

Leo mashavu yangu ni mekundu, yana vidonda, na pale palipokuwa pamefifia pamekuwa peusi kuliko mwanzo. Daktari amesema nianze upya kabisa. Nimelia kwa hasira mbele yake. Mume wangu yeye ameniletea poda nzito, eti nijipake Jumamosi na nicheke kwenye picha.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nikibaki nyumbani, watasema amenipiga mpaka siwezi kutoka. Nikienda, najua yule mama wa kanisa atanivuta tena pembeni aniulize kama uso huu ni kazi ya mume wangu. Siku zote nilijibu hapana bila hata kufikiri. Jumamosi nimjibu nini?