Uani kwa Mama na Nyumba ya Wayunani

Nafundisha historia katika sekondari moja huku Kisauni, na nina ugonjwa wangu: nikiona ramani ya nyumba situlii mpaka nijue nani alilala wapi, nani alipikia wapi. Wiki ile nilikuwa natayarisha somo la Wayunani wa kale, nikaitazama ramani ya nyumba yao kwenye simu. Lo! Nilidhani nimechorewa kwetu Utange. Vyumba pembeni, katikati uwanja usio na paa, kisima kando, na mlango wa mtaani umewekwa mahali ambapo mpita njia haoni ndani. Wallahi nilicheka peke yangu. Kumbe hawa nao walikuwa na uani!

Jioni nikaenda kwa mama. Baba alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na mama yuko edani. Mjane kwetu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Nilimkuta uani, kwenye mkeka, anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikampa simu aone.

"Wageni wa kiume wakikaa wapi?" akauliza. Nikamwonyesha chumba karibu na mlango.

"Aa, wana adabu zao." Akaikuza picha kwa vidole viwili. "Na wake zao wakitoka?"

"Wa wenye uwezo, yasemekana kwa nadra. Kazi zao nyingi zilikuwa hapo uwanjani, mama. Kufuma, kusaga, kulea."

"Basi angalau waliachiwa mbingu," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

Moyo ulinilipuka. Ndugu yangu mdogo alikuwa karibu kuoa, na mimi na yeye tulishakubaliana, mama hana habari, tuuezeke ule uani tuugeuze chumba cha maharusi. Fundi alikuwa aje Jumamosi. Na mimi, mwalimu mzima, ndiye niliyesema kuwa mama hautumii sana! Nikashindwa kuendelea kumficha. Nikamwambia yote.

Hakupandisha sauti. Heri angenigombeza.

"Mwanangu, eda ikisha jengeni mpendavyo. Nitakuwa na njia, nina soko, nina majirani wa kuwatembelea. Lakini sasa hivi nje yangu ni hapa. Mkipaezeka hapa, mtakuwa mumenizika pamoja na baba yenu."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaichukua simu, nikampigia ndugu yangu papo hapo, nikamwambia fundi asije.

"Dada, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana sisi wawili. Mwenye uani tulimuuliza lini?"

Akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mama yupo karibu na anasikia.

"Anasikia," nikamjibu, nikampa mama simu.