Tulipochomoa Waya Makusudi

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilitoka chuo kikuu nikarudi Meru kufundisha kompyuta katika chuo kidogo cha mjini. Tulitumia programu ya kuandikia ya bure, iliyotengenezwa na watu wa nchi nyingi wasiowahi kuonana. Yeyote aliruhusiwa kusoma maandishi ya ndani ya programu hiyo, yaani maagizo yanayoiendesha, na kupendekeza marekebisho. Sikuwaamini. Nani afanye kazi bila mshahara, na anataka nini?

Taabu yetu ilikuwa umeme. Ukikatika wakati programu inahifadhi kazi, faili nzima inapotea. Mwanafunzi mmoja alipoteza kazi ya muhula, na mwenye chuo akatangaza: ikitokea tena, tunarudi kwenye taipureta.

Nilikaa na maandishi yale hadi nikaona kosa. Programu ilifuta faili ya zamani kabla ya kumaliza kuandika mpya. Nikarekebisha, nikatuma kwa barua pepe kutoka duka moja lenye simu ya kuunganisha mtandao. Nilitarajia kimya.

Msimamizi wa programu alijibu: umeme unakatikaje katikati ya kuhifadhi? Tuonyeshe.

"Mwambie aje alale hapa mtaani Kaaga wiki moja," alicheka mwalimu mwenzangu, mama aliyefundisha kupiga chapa. "Ama nichomoe tu hiyo waya?"

"Chomoa, mwalimu."

Akachomoa. Programu ya zamani ikameza faili. Tukaweka yangu, akachomoa tena, na tena.

"Uuui! Iko! Yote iko!"

Nikatuma matokeo. Majibu yalitoka kwa watu nisiowajua. Mmoja alionyesha kwamba diski ikijaa, rekebisho langu lingeshindwa, akaniandikia namna ya kuziba pengo hilo. Mwingine alisema kwao umeme haukatiki, kwa hiyo alichomoa waya wa mashine yake mwenyewe, mara nyingi, apate kuhakikisha.

Nilisoma sentensi hiyo nimesimama dukani. Mtu asiyejua Meru iko wapi alikuwa amehatarisha mashine yake kwa sababu ya giza letu. Nilitafuta faida yake kila upande, sikuiona.

Rekebisho likakubaliwa, na taipureta zikabaki stoo. Chini ya barua ya kulikubali, msimamizi aliuliza kama ningeweza kukagua kazi ya mgeni mwingine, ya kwanza kwake. Nikaifungua. Ilikuwa mistari michache tu, na aliyeituma alianza kwa kuomba radhi kwa kutusumbua.