Mlinzi wa Tangi na Bustani ya Shemeji

Kanuni yake ilikuwa moja: koki ya tangi la stesheni haifunguliwi na mkono mwingine ila wake. Aliishika miaka yote, na kwa hilo anastahili sifa. Watu walimwita Bwana Koki, naye akalichukua jina hilo kama cheo.

Mji wenyewe ulizaliwa na kiu. Mashariki ni tambarare kavu, magharibi ni mlima, na injini za mvuke hazikuweza kuupanda mlima bila kunywa kwanza. Wajenzi wa reli wakachimba kisima, wakainua tangi la chuma juu ya nguzo, na nyumba za wafanyakazi zikajikusanya chini yake kama vifaranga. Likaja duka, ikaja karakana, ikaja shule. Kisha zikaja injini za dizeli, zisizohitaji maji ya mtu. Treni zikaanza kupita bila kusimama. Karakana ikafungwa, vijana wakaenda zao, zikabaki familia chache zikiyanywa maji ambayo treni zilikuwa zimeyakataa.

Bwana Koki alibaki, na dada yake wa pekee pia, aliyeolewa na fundi wa reli aliyepunguzwa kazini. Shemeji huyo sasa alilima mboga kando ya reli, chini kidogo ya tangi.

Kila jioni akishafunga, na kila asubuhi kabla ya kufungua, Bwana Koki aliligonga tangi kwa nyundo, akisikiliza mahali sauti inapobadilika, yaani maji yanapoishia. Mwaka mmoja wa ukame akagundua kuwa asubuhi maji yako chini kuliko alivyoyaacha. Kuna mwizi, akasema moyoni. Hakusema "huenda". Kosa lake lilianzia hapo.

Akaanza kuwachunguza watu: nani ana ndoo mpya, nani amefua mashuka. Mwishowe akasimama mbele ya bustani ya shemeji yake. Mji mzima ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma, lakini mchicha ule ulimfika magotini.

"Shemeji, mchicha wako hausikii jua?"

"Mkono wangu una baraka, shemeji. Wako una kutu."

Shemeji alicheka. Bwana Koki hakucheka. Kwake utani ule ulikuwa ushahidi.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu. Kina mama walikuwa wakinung'unika kwamba wanapimiwa maji kama dawa ya kikohozi. Dada yake alipofika na ndoo, Bwana Koki akafunga koki.

"Wewe hupati. Mumeo ameshachota vya kutosha."

Dada akaweka ndoo chini.

"Kaka, umemwona?"

"Sijamwona. Nimeuona mchicha."

"Basi kaufunge mchicha!"

Wachache walicheka, lakini bibi mmoja akaguna, "Kikulacho ki nguoni mwako," na neno hilo likatosha. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenunua mboga kwa shemeji. Watoto wake wakaitwa wana wa mwizi njiani kwenda shule. Kabla mwezi haujaisha, dada alifunga mizigo, akaondoka na mumewe na watoto wao wanne.

Bwana Koki akasubiri maji yaache kupungua usiku. Hayakuacha. Na bustani isiyo na mwenyewe ikaendelea kumea, magugu na mchicha pamoja, bila mtu wa kuimwagilia.

Akachukua jembe, akachimba. Udongo ulikuwa tope. Chini yake lilipita bomba la zamani lililopeleka maji kwenye injini za mvuke, limeoza na kupasuka. Mlinzi alikuwa amelinda koki akalisahau bomba. Kuilinda mali ya watu ni wajibu, lakini anayemwita mtu mwizi bila kumwona naye ameiba, tena ameiba kitu kisichorudishwa kwa ndoo.

Aliziba bomba, akatangaza kosa lake mbele ya foleni ileile, akamfuata dada yake mji wa pili kuomba radhi. Shemeji alimpa kiti na chai, akamsamehe kwa maneno machache, lakini alikataa kurudi.

Shule iliyokuwa na watoto wachache tu ilifungwa mwaka huo, kwa kuwa wanne walikuwa wameondoka. Dada yake hakukanyaga tena mjini pale, na wapwa zake wamekua wakimjua mjomba wao kwa jambo moja tu: ndiye aliyemwita baba yao mwizi.