Tulivyokwenda Msibani kwa Miguu

Wiki iliyopita kazini nilipangiwa kumhudumia mzee mmoja upande wa pili wa mji, na safari ikanipitisha kwenye ile barabara ya mizabibu. Nasema ya mizabibu kwa mazoea tu, ndugu yangu. Mizabibu imeng'olewa yote. Pamejengwa maghala ya bati yasiyo na mwisho, na malori yanaingia na kutoka. Nilisimamisha gari pembeni nikamlilia bibi yangu, tena kimya kimya, jambo ambalo mwenyewe asingelikubali hata kidogo.

Ulikuwa mwaka ule wa kwanza wa korona, nami bado mtoto wa shule. Tulikaa Doonside, pembeni mwa Sydney, Australia: baba, mama, bibi na mimi. Bibi alizaliwa Burundi, akazeekea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ndipo tukaletwa huku. Siku hizo shule yangu ilikuwa kwenye kompyuta mezani, na nyumba nzima ilinuka maharagwe na dawa ya kusafishia mikono. Asubuhi moja simu ikalia. Mume wa rafiki wa bibi, wa tangu kambini, amefariki, na amekwishazikwa. Waliruhusiwa watu wachache tu makaburini, na bibi hakuwamo.

Lazima nikueleze jambo hapa. Kwa bibi, mtu aliyefiwa hakupewa pole kwa simu. Unakwenda mwenyewe, na chakula mkononi, kwa sababu kwenye msiba jiko haliwashwi. Ukilikaribia lango unapaza sauti, unalia huku ukimtaja marehemu, na waliomo ndani wanakupokea kwa kilio chao. "Asiyeliliwa amefukiwa," alikuwa akisema, "hajazikwa." Na rafiki yule ndiye aliyemlilia babu yangu kule kambini, siku ambayo bibi hakuwa na ndugu mwingine wa kumsaidia kulia. Deni la namna hiyo halilipwi kwa salamu.

Baba alikataa katakata. "Mama, polisi watakupiga fine! Tutawapigia video call."

Bibi akamuuliza kama ni kweli serikali imeruhusu watu kutoka kufanya mazoezi. Baba akasema ndiyo.

"Basi mimi na mjukuu tunakwenda mazoezi," akasema, akajifunga kitenge chake, akajitwika sufuria ya maharagwe kichwani. Baba alibaki mlangoni.

Tulitembea siku nzima. Tulianzia kwenye hifadhi iliyo karibu na kwetu, mikalitusi ikinukia kwa umande, kasuku weupe wakipiga makelele kama watoto waliotoka darasani. Kangaruu walituangalia, bibi akawaamkia. Mbele ya hifadhi tukatokea kwenye mashamba ya matajiri, na hapo ndipo nilipoyaona makasri kwa mara ya kwanza: nyumba zenye minara na nguzo nyeupe, simba wa saruji wamekaa getini. Nikasimama kushangaa. Bibi alitazama madirisha yale, akauliza, "Na anayefagia ni nani?" Akaendelea na safari.

Kisha mizabibu. Ilikuwa imekwisha kuvunwa na majani yake yalikuwa yamegeuka mekundu, mistari na mistari mpaka bondeni. Mzee mwenye shamba alituona tumekaa kivulini. Akaja na kishada cha zabibu zilizosazwa, akakiweka juu ya nguzo ya uzio, akarudi nyuma hatua kadhaa ndipo akatupungia mkono. Ndivyo watu walivyopeana vitu mwaka ule. Zilikuwa tamu mno, na zimeanza kunyauka. Nilizila zote mimi, kwa kuwa bibi hakutaka kufika msibani akiwa ameshiba.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika mtaa wa rafiki yake, karibu na Villawood. Nyumba tatu kabla ya lango, bibi alitua sufuria, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Ilitoka chini kabisa, ikapanda, ikamtaja marehemu kwa jina lake na jina la baba yake. Mapazia ya majirani yakafunguka. "Bibi, people are looking," nikamnong'oneza. Hakunisikia. Ndani ya nyumba sauti nyingine ikajibu.

Binti wa mfiwa alifanya kazi ya kutunza wazee, akatuomba kwa machozi tusiingie, asije akawapelekea korona. Basi bibi akakaa kwenye majani nje ya uzio, rafiki yake akatoka akakaa kwenye majani ndani ya uzio, wakalia hivyo mpaka sauti zikawakauka. Baadaye kidogo nikawasikia wanacheka, wakikumbushana jinsi marehemu alivyoogopa bata. Baba alipokuja na gari kutuchukua, bibi alilala njia nzima kama mtu aliyetua mzigo.

Bibi alifariki watu wakiwa wameshaisahau korona. Waliruhusiwa wote kuja, na walikuja. Magari yalijaa mtaa mzima, chakula kiliagizwa kwenye mabakuli ya plastiki, wimbo wa kanisani ukapigwa kwa sauti ya chini kwenye simu ya mtu. Sisi vijana tulinong'ona kwa Kiingereza. Ilikuwa heshima, nakubali, na kila mtu alisifu jinsi mambo yalivyokwenda vizuri.

Rafiki yake aliletwa na binti yake, akaomba ashushwe mwanzo wa mtaa ili atembee hatua za mwisho. Tukamsubiri, hakutokea. Nikatoka kumtafuta. Nilimkuta ameshaipita nyumba yetu, yuko mbele kule kwenye kona, ameegemea fimbo, anageuza shingo huku na huku.

"Bibi, umepita nyumba," nikamwambia.

"Nimesikiliza kila lango, mjukuu wangu," akasema. "Sikusikia msiba."

Nilifungua mdomo nimlilie bibi yangu pale pale barabarani, nimtaje kwa jina lake na jina la baba yake. Sauti haikutoka. Nikamshika yule mzee mkono, tukarudi polepole.