Mvua ya Vijiti

Leo sokoni Lubao mama mmoja amenionjesha kumbikumbi wa kukaanga, na harufu yake ikanirudisha kwenye asubuhi moja ya utotoni.

Tulikuwa marafiki watatu, na asubuhi hiyo yote tulibishana tucheze nini. Mmoja alitaka kuangua mapera, mwingine kuogelea mtoni. Mimi nilitaka kumbikumbi, na kwa mara ya kwanza wakanikubalia.

"Wewe piga vijiti, sisi tukalete blanketi la kuwafunika," wakasema. "Usiache! Ukiacha wanarudinga chini."

Kila mtoto wa kwetu alijua hivyo: kumbikumbi wakisikia vijiti hudhani ni mvua, wakatoka. Basi nikapiga kando ya kichuguu mpaka viganja vikaota malengelenge. Mashimo yakafunguka, mabawa ya kwanza yakachungulia. Nikawaita wenzangu. Nikajibiwa na mshindo wa maji kule mtoni, na vicheko viwili nilivyovijua vizuri.

Sikuacha kupiga. Kumbikumbi walitoka wote, wakanipiga usoni, wakaruka juu ya mahindi kuitafuta mvua niliyowaahidi.