Sumaku za Gitaa la Mwalimu Cyprian

Inasemwa Dongobesh, hasa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwamba marehemu mume wangu, Mwalimu Cyprian, alifariki akiwa amerukwa na akili. Ushahidi unaotolewa ni kwamba alikuwa akiwapigia ng'ombe gitaa la umeme. Mume wangu alifariki kwa presha, saa nne asubuhi, akiwa ametoka kusahihisha hesabu za mtoto wa jirani, na alikuwa na akili zake zote. Kuhusu ng'ombe, ni kweli aliwapigia. Aliwapigia kwa mpango ulioandikwa kwenye daftari, na sababu nitaieleza mimi, kwa kuwa nilikuwepo. Wanaoisimulia huko walikuwa nyuma ya ua.

Cyprian alifundisha Jiografia miaka thelathini na mmoja. Kila muhula wa pili alichora mawimbi ya bahari ubaoni kwa chaki ya buluu: wimbi linavyoinuka, linavyojikunja, linavyovunjika ufukweni. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Mara mbili alipangiwa semina Tanga, na mara zote mbili semina ikahamishiwa Babati. Hakulalamika. Alipostaafu, mpwa wake akampa simu ya kugusa, na humo ndimo alimowaona watu wakiteleza juu ya mawimbi wakiwa wamesimama kwenye mbao, huku nyuma yao gitaa likilia. Muziki huo wenyewe wanauita surf. Aliusikiliza siku tatu. Siku ya nne aliniambia, "Mama Paskalina, lile gitaa ndilo wimbi. Miaka yote nimewachorea umbo, sauti sikuwafundisha."

Nilimwambia kwamba wanafunzi wake walifaulu.

"Walifaulu umbo," akasema.

Gitaa tulikuwa nalo. Lilikuwa la kwaya ya kigango kabla kwaya haijapata kinanda, na padri alimkabidhi mbele ya kamati, kwa hiyo wanaosema aliliokota sakristia nao wanyamaze. Tatizo lilikuwa sauti. Ilikuwa nene, kama ya mtu anayeongea na ugali mdomoni. Alilipeleka Arusha kwa fundi mmoja aitwaye Meshack, anayetengeneza magitaa na spika. Meshack akamweleza kwamba sauti ya gitaa la umeme haitoki kwenye ubao wake. Inatoka kwenye sumaku ndogo zilizoviringishiwa waya mwembamba wa shaba, zinazokaa chini ya nyuzi. Mafundi huziita pikapu. Nyumbani kwetu tuliziita sumaku, na hapa nitaziita hivyo.

"Mwalimu, hizi zako ni pacha," Meshack akamwambia. "Mbili zimefungwa pamoja. Hazivumi, ni nzuri kwa muziki wa vishindo, lakini kwa mawimbi zinakausha kila kitu. Wewe unataka za moja moja."

"Za moja moja za namna gani?"

"Hapo sasa. Kuna ya waya mwingi, inapiga kelele. Kuna ya waya kidogo, nyepesi, inang'aa. Inategemea wewe wimbi unalisikiaje."

"Sijawahi kulisikia."

"Hata mimi," Meshack akasema. "Nimezaliwa Karatu."

Akarudi nyumbani na sumaku moja ya waya mwingi kwenye mfuko wa shati, na ahadi kwamba ile ya waya kidogo itaviringwa na kutumwa kwa basi. Sasa akahitaji mwamuzi. Tulimwita Kissa, muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Kyela, kwa sababu alikulia kando ya maji. Alisikiliza kwa adabu zote, akasema gitaa linafanana na bati la zahanati upepo ukilipiga. Cyprian alimshukuru, akaandika kwenye daftari: Shahidi ni wa ziwa.

Ndipo alipowafikia ng'ombe, na naomba msomaji afuate hoja yake kabla ya kucheka. Kijijini kwetu Bashay, mtu akifikisha ng'ombe majini huwapigia mluzi. Si mluzi wa kumwita mtu. Ni wa taratibu, unashuka, na ng'ombe wakiusikia huinamisha vichwa na kunywa mpaka washibe. Ukikosewa, wananyanyua vichwa na kuondoka na kiu yao. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Cyprian akasema kwamba katika wilaya nzima hakuna anayejua sauti inayofaa maji kuliko ng'ombe, na kwamba sumaku itakayowafanya wanywe ndiyo ya kuchagua. Sikuona kosa katika hoja hiyo, na mpaka leo silioni.

Alipitisha waya wa umeme dirishani mwa jiko hadi kwenye birika letu la saruji nyuma ya nyumba. Spika aliipakia kwenye toroli. Kando yake aliweka kisanduku alichotengeneza Meshack, chenye springi ndani, kinachoifanya sauti irudi kama imetoka shimoni. Alivaa tai, kwa sababu ilikuwa kazi.

Wiki ya kwanza alipiga na zile pacha. Ng'ombe walinyanyua vichwa wakamtazama. Katibu, ng'ombe wetu mzee, ambaye tulimpa jina hilo kwa kuwa hakosi mahali penye jambo, alimpa mgongo. Daftari linasema: Hawakunywa. Wanaonekana kuchoshwa.

Wiki ya pili alifunga ile ya waya mwingi. Daftari linasema: Jumatatu walikunywa vizuri, kabla sijawasha. Alhamisi akajaribu ule mtindo wa kuchapa uzi mmoja haraka haraka huku mkono ukiteremka, ambao ndio kiini cha muziki wenyewe. Ng'ombe sita walivunja ua, wakapita katikati ya maharage ya kaka yake Nikolausi, wakasimama kanisani.

Ukoo ulikaa siku hiyo hiyo. Nikolausi, ambaye ndiye mkubwa wao, hakuongea sana juu ya maharage. Aliongea juu ya Jumamosi, kwa maana Jumamosi wakwe kutoka Masakta walikuwa wanakuja kumposa binti yetu Paskalina.

"Wewe utakaa chumbani," akamwambia Cyprian. "Nitasema mimi."

"Paskalina ni mtoto wangu."

"Na wale ni ng'ombe wako. Watu wa Masakta wakisikia baba mtu anawatumbuiza ng'ombe, watasema damu yetu ina kitu. Tutawaambia una malaria."

"Sina malaria, kaka."

"Utakuwa nayo mpaka waondoke."

Wanaoishi kwetu wanajua maana yake. Baba akifungiwa chumbani siku binti yake anaposwa, hataombwa tena kusema popote, si msibani, si kwenye mkutano wa kijiji. Atasalimiwa na kupewa kiti, basi. Ijumaa Cyprian alikwenda Dongobesh kupokea kifurushi cha Meshack kutoka kwenye basi. Sumaku ya tatu ilikuwa imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Aliiweka mezani, akaitazama, akaenda kunyoosha shati la Jumamosi, ingawa aliambiwa hataonekana.

Wageni walifika saa tano. Aliyewaongoza ni baba wa kijana, Mzee Maximilian, mfugaji, mtu mrefu asiyeharakisha neno. Kijana mwenyewe, Marko, alikaa pembeni na kutazama viatu vyake. Tulisalimiana inavyopasa. Nikolausi alisimama, akasema ndugu yake anasikitika, homa imemlaza.

Mzee Maximilian akageuza fimbo yake. "Ni huyu anayewapigia ng'ombe?"

Nikolausi akasema homa humfanya mtu afanye mengi.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Cyprian akatoka na tai yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mgonjwa?"

"Mimi ndiye ninayewapigia ng'ombe. Mgonjwa simjui."

"Unawapigia nini?"

"Mawimbi ya bahari."

Mzee Maximilian alilifikiria hilo. "Wanakunywa?"

"Sumaku mbili za kwanza hawakunywa. Ya tatu sijaijaribu."

"Ijaribu," mzee akasema. "Wazimu wa mtu haunihusu, kwetu pia tunao wawili. Lakini kijana wangu haoi kwenye nyumba ambayo ng'ombe hawanywi. Wakinywa, utasema wewe kwa ajili ya binti yako. Wasipokunywa, tutashukuru kwa chai."

Nikolausi akarudi kitini.

Kubadilisha sumaku si kubadilisha balbu. Nyuzi lazima zilegezwe, waya ziunganishwe kwa risasi iliyoyeyushwa. Basi ujumbe mzima wa posa ulihamia nyuma ya nyumba na viti vyake. Mmoja wa wazee alishika nyuzi, mwingine akashika skrubu kwenye kiganja, na Marko akawekwa kukinga upepo kwa kofia ya mzee. Paskalina alichungulia jikoni akaniuliza, "Mama, wanaongelea mimi?" Nikamwambia bado.

Kazi ilipokwisha, Cyprian akawasha. Ile sumaku ilivuma kidogo, kama zilivyo zote za moja moja, kama nyuki aliye mbali. Akapiga. Nakiri sauti ilikuwa tofauti. Ilikuwa nyembamba, safi, ina matone. Lakini kila noti ndefu iliyumba mwishoni kama mlevi, na Katibu akanyanyua kichwa.

"Simama," Mzee Maximilian akasema. Alijongea, akainama juu ya gitaa ambalo hajawahi kuliona maishani, akaelekeza fimbo. "Hicho kidude kiko karibu mno na nyuzi. Ukimpigia ng'ombe mluzi, unamwekea mdomo sikioni?"

"Hapana, mzee."

"Kishushe."

Cyprian akazungusha skrubu mara mbili. Akapiga tena, na noti zikasimama. Baadaye Meshack alithibitisha kwa simu kwamba mzee alikuwa sahihi: sumaku ikikaribia mno huzivuta nyuzi na kuzipotosha. Lakini pale hakuna aliyehitaji uthibitisho. Cyprian aliteremsha mkono kwenye uzi mnene, taratibu, kisha haraka. Mzee Maximilian akaanza kupiga mluzi chini chini, akimfuata. Katibu akainamisha kichwa. Akafuata wa pili, kisha wote sita, na walikunywa mpaka birika likaonyesha saruji.

"Hii ndiyo," mzee akasema. "Zile nyingine mpe mtu asiye na mifugo."

Walirudi sebuleni. Cyprian alisimama akamsemea binti yake kwa dakika arobaini, akianzia kwenye uundaji wa Bonde la Ufa, na hakuna aliyemkatisha. Paskalina na Marko wana watoto wawili sasa. Mpaka alipofariki, Cyprian alisema kwenye kila msiba wa ukoo, na Mzee Maximilian alikuwa akimpigia simu kumuuliza kama ameipandisha ile sumaku.

Lipo jambo ambalo Nikolausi amelisambaza, nami sitajifanya sijalisikia. Siku ile, wageni wakiwa bado wanakula, alinifuata jikoni.

"Shemeji, jana birika lilikuwa tupu, na ng'ombe wako hawakuonekana kisimani."

"Hukuwa kisimani kutwa."

"Na mfuko wa magadi ulio stoo umepungua. Ng'ombe akilamba magadi kutwa bila maji, kesho yake atakunywa hata ukimpigia debe."

"Magadi hupungua, shemeji."

"Yamepungua nusu."

Nilimwomba apishe nitoe chai. Ng'ombe walikunywa mbele ya wazee tisa, na mume wangu aliongea kwa ajili ya mtoto wake. Kuhusu ule mfuko, nimeulizwa na wake wa ndugu, nimeulizwa na Marko, nimeulizwa hata na katekista. Sikuwajibu, na sitajibu hapa.