Muuguzi Aliyerudi Kuwauliza Wavutaji

Muuguzi mmoja mstaafu wa Kiganjo, Thika, ametutoka. Shinikizo la damu lilimwangusha jikoni kwake asubuhi ya Jumatatu, na Jumamosi tukamzika shambani kwake Kalimoni. Wengi wenu hamkumjua. Mimi mwenyewe sikuwa ndugu yake wala rafiki wa karibu. Tulijuana kwa sababu aliwahi kunigombeza. Ningeandika kumbukumbu hii kwa utulivu kama si bwana mmoja wa ofisi iliyosimamia mradi wa kupunguza uvutaji wa sigara katika mitaa ya Thika na Ruiru. Alisimama kando ya kaburi, akafungua karatasi, akatusomea kwamba marehemu alikuwa “nguzo ya mradi uliofaulu.” Nilikuwa na udongo mkononi, na nilitamani kumwambia aketi. Mradi ule haukufaulu. Marehemu ndiye aliyesema haukufaulu, na kwa kusema hivyo ofisi hiyo ikamwondoa.

Mradi ulipoanza, miaka michache iliyopita, nilialikwa kwenye semina katika ukumbi mmoja wa Thika. Walikuwapo wafanyakazi wa viwandani, wapagazi wa sokoni na wachimbaji mawe kutoka Ruiru. Wakaonyeshwa picha za mapafu meusi, wakapewa soda na mkate, na kila mmoja akapata tishati yenye maneno ya kukataza sigara. Mwishoni msimamizi akauliza, “Nani ameamua kuacha leo?” Mikono ikainuka ukumbi mzima. Karani akaihesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyoandikwa kuwa ya watu walioacha sigara. Nami nikaandika katika safu hii hii kwamba Thika imepata dawa. Siku tatu baadaye muuguzi huyo, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa semina, akaingia ofisini kwangu na gazeti kwapani.

“Wewe umeandika watu wameacha,” alisema kabla sijamkaribisha kiti. “Uliuliza nani?”

“Si waliinua mikono, Sista?”

“Mkono! Mtu amekunywa soda yako, atakosaje kukuinulia mkono? Kesho vaa viatu vya kutembea. Twende Ruiru.”

Kwenye machimbo tulimkuta mmoja wa wale wachimbaji, amevaa tishati ile ya semina, sigara mdomoni. Alipomwona muuguzi aliitupa, akaikanyaga, akajifanya anatafuta nyundo. Nilidhani atakaripiwa. Muuguzi alikaa juu ya jiwe, akamwuliza hali ya mama watoto, kisha akamwambia taratibu, “Sikuja kukushika. Nataka tu uniambie ni saa gani inakushinda.”

“Ai, Sista, nikudanganye ya nini? Asubuhi naweza. Lakini ile chai ya saa nne, wote wanavuta, moshi inanikujia hapa kwa pua. Hapo nakwisha.”

Muuguzi aliyaandika maneno hayo kwenye daftari kama yalivyotamkwa. Kisha akamwendea msimamizi wa machimbo, akamsihi mpaka akakubali wanaojaribu kuacha wanywe chai yao upande wa pili, na njugu karanga za kushughulisha vidole. Wiki iliyofuata alirudi. Mwezi uliofuata akarudi tena. Yule mchimbaji aliteleza mara mbili, na mara zote mbili alimwambia ukweli, kwa sababu hakuwa na sababu ya kumwogopa. Mara ya tatu alisimama imara, na mkewe ndiye aliyethibitisha.

Sasa sikilizeni. Kwa kazi hiyo muuguzi aliomba baiskeli, na wasaidizi wachache wa kutembelea watu majumbani. Akaletewa maboksi ya tishati na kalenda. Wakati huo huo gari la wauza sigara lilikuwa likija sokoni kila wiki na muziki wake, likiwagawia vijana sigara za bure na kuwauliza wanapenda aina gani, nani amepunguza, na kwa nini. Wauza sumu walikuwa wakifanya tathmini! Sisi tuliojiita waokoaji tulihesabu mikono, tukaenda nyumbani.

Wakati wa ripoti ulipofika, muuguzi aliandika alichokiona: wengi wa walioinua mikono bado wanavuta, wachache wameacha, na wachache hao walisaidiwa na kitu gani. Aliitwa ofisini. Alinisimulia mwenyewe.

“Sista, hii itatuaibisha,” mkubwa wake alimwambia. “Wafadhili wanataka mafanikio.”

“Hata kwenye ripoti yangu kuna walioacha,” akajibu. “Hao ndio mafanikio. Tujue waliachaje, tuwasaidie wengine.”

Kurasa zake zikachomolewa, hesabu ya mikono ikapelekwa, naye akapewa barua ya kumshukuru kwa huduma yake. Njia ya mwongo ni fupi: wafadhili walipomtuma mtu kuwatafuta hao walioacha, hakuna ofisini aliyejua hata mmoja wao anaishi wapi. Mradi ukafungwa. Wengine walihamia miradi mingine, na muuguzi akaendelea kwa miguu yake, jioni baada ya kazi yake ya zahanati, kisha mchana baada ya kustaafu, hadi miguu ilipomkatalia.

Nami je? Nilimwambia mhariri kwamba niliandika uongo. Akasema habari imeshapita. Nikakubali upesi, maana ilinifaa. Kwa hiyo hasira yangu ya Kalimoni haikuwa ya yule bwana wa karatasi peke yake. Msomaji alinunua gazeti akaamini jirani zake wamepona, na mimi ndiye niliyemwambia.

Tunapenda sherehe za uzinduzi katika nchi hii, na hatupendi kurudi kutazama. Anayetaka kweli kumsaidia mtu aache sigara, kwanza ajue mtu huyo analala wapi. Amrudie wiki ya pili, amwulize amefika wapi, na akiambiwa nimeshindwa, aandike: ameshindwa. Asimwonee haya, wala asijionee haya mwenyewe. Kazi inaanzia hapo.